Tusimfanye Mangi Meli ahutubie

Kuna zoezi moja la Kiswahili ambalo baadhi ya walimu huku Moshi na Arusha wanalitumia na mimi nalipenda sana, ndo maana nataka kuliongelea kwa undani na sio kulisifia tu. Mwalimu anachukua picha ya mtu wa zamani, anaibandika ubaoni au anaipitisha kwenye simu dawati kwa dawati, alafu anawaambia wanafunzi huyu mtu leo anaongea, andikeni anachosema, tumieni nafsi ya kwanza. Basi, ndo zoezi lote hilo. Hamna notsi za kunakili, hamna kuchagua herufi ya jibu sahihi, na yule mtoto ambaye kipindi kizima cha ngeli alikuwa anapiga miayo unamkuta ameinama anaandika mpaka kengele inalia na bado anaomba dakika mbili.

Sasa shida inakuja ukisoma walichoandika. Mara nyingi sana, yaani mara nyingi mno, unachokuta ni hotuba. Kitu cha namna hii, kwa picha ya Meli, mangi yaani mtawala wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani 1900: mimi ni Mangi Meli, shujaa wa Wachaga, nilipigania uhuru wa Tanganyika dhidi ya wakoloni wakatili, nawaasa vijana mpende nchi yenu na msome kwa bidii. Kiswahili sanifu kabisa, koma ziko mahali pake, mwalimu anatoa alama nzuri na maisha yanaendelea. Lakini hapo hajaongea mtu, limeongea bango.

Msimamo wangu ni huu: hili zoezi linafundisha lugha pale tu mwanafunzi anapolazimika kujua mipaka ya mtu anayemsemea. Alijua nini siku hiyo, alikuwa hajui nini, anaongea na nani, anamwogopa nani, anamwita mwenzake nani. Ukiiondoa mipaka hiyo mtoto anarudi kwenye maneno aliyoyazoea tangu darasa la tatu, na hajifunzi hata neno moja jipya kwasababu hakulihitaji.

Tuangalie huo mfano wa Meli maana ndo picha inayotumika zaidi huku kwetu. Hiyo Tanganyika anayoitaja mtoto haikuwepo kwa jina hilo, jina lililetwa na Waingereza 1920, miaka 20 baada ya Meli kunyongwa. Hata hilo la "shujaa wa Wachaga" lina tatizo, kwasababu wakati wa Meli mlima Kilimanjaro ulikuwa na nchi nyingi, Old Moshi nchi yake, Kibosho yake, Machame yake, Marangu yake, Rombo nazo kadhaa, na kila moja ina mangi wake na vita vyake na mahesabu yake. Na kubwa kuliko yote, nani aliyewahi kukutana na mtu mzima anayejitambulisha kwa kusema mimi ni shujaa? Mtu anaambiwa hivyo na wengine, tena mara nyingi akishakufa.

Sitaki kuwalaumu watoto hapa. Hotuba wameitoa kwetu. Tumewalea kwenye nchi ambayo picha ya mtu mkubwa ukutani ni kitu cha heshima, ukiingia ofisi yoyote ya serikali unaikuta ya Baba wa Taifa na ya Rais aliyepo madarakani, ziko juu, zimenyooka, na hakuna anayezifikiria kama watu wanaoweza kuumwa jino au kugombana na shemeji. Alafu na insha zetu za shuleni zimejengwa kwa mtindo wa utangulizi, faida, hasara na hitimisho lenye wito kwa jamii. Mtoto aliyefundishwa hivyo ukimwambia sasa kuwa mangi, atakuwa mangi mwenye utangulizi na hitimisho.

Kwahiyo mwalimu ndo anatakiwa kuwaondoa watoto kwenye hotuba, na njia ninayoiamini ni ya tarehe. Usimwambie mtoto "wewe ni Meli". Mwambie wewe ni Meli mwaka fulani, mbele ya mtu fulani, na kuna jambo linataka jibu. Historia yenyewe ipo na inajulikana vizuri tu. Baba yake, Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, alifariki 1891, Meli akakaa kwenye kiti akiwa bado kijana. Juni 1892 jeshi la Wajerumani likampandia, akalipiga, na kamanda wao von Bülow akafa kwenye vita hiyo. Mwaka uliofuata, 1893, wakarudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa Old Moshi, pale Tsudunyi, pamoja na viongozi wengine, jumla yao 19, wakiwemo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho, na walikuwemo wa Meru na Arusha pia. Mti wenyewe watu wa Old Moshi wanakuonyesha mpaka leo.

Watoto wengi wanarukia 1892 kwasababu ameshinda, au 1900 kwasababu amekufa. Mimi ningewapeleka katikati. Kati ya 1893 na 1900 kuna miaka 7 ambayo huyu kijana ameshashindwa, bado ni mangi, na kila siku anakutana na watu waliomshinda. Wanataka vibarua wa kujenga, wanataka chakula, kuanzia 1898 wanataka na kodi ya nyumba. Kapteni Johannes, mkuu wa Wajerumani huku, yupo Moshi, wazee wa Meli wapo barazani wanamwangalia mangi wao kijana atajibu nini. Hapo ndo pa kuandika. Mangi akiongea na Johannes anaongeaje, anakubali moja kwa moja au anazunguka, anasema "tutaona" au anasema "watu wangu wanavuna"? Na akigeukia wazee wake usiku, maneno ni yaleyale? Mzee aliyemwona akizaliwa anamkemeaje mtu ambaye sasa ni mangi, bila kumvunjia heshima na bila kumwacha apotee?

Angalia lugha inayodaiwa hapo. Mtoto anahitaji namna ya kukataa bila kusema hapana, anahitaji lugha ya mdogo kwa mkubwa na ya mkubwa aliye chini ya mdogo, anahitaji ile -ngali- ambayo kwenye kitabu ni jedwali la kukariri na hapa ghafla ina kazi, "tungaliungana na Kibosho tusingalifika hapa". Hakuna hotuba itakayomfikisha mtoto kwenye sentensi kama hiyo. Na akishaiandika kwa kuihitaji haisahau.

Alafu kuna jambo ambalo walimu wengi wa huku wanaliogopa na naelewa kwanini. Darasa la Moshi sio darasa la hadithi za mbali. Kuna mtoto anatoka Old Moshi, kuna mwingine anatoka Marangu, na Marealle wa Marangu ndo alikuwa rafiki wa Wajerumani, alinufaika nao, na wapo wengi wanaosema fitina zilizowafikisha wale watu kwenye kamba zilipitia kwake. Majina ya koo hizo yapo kwenye rejista ya darasa. Mwalimu anaona heri aruke, ampe kila mtu picha ya Meli na yaishe.

Mimi nasema hapo ndo asiruke. Ampe mtoto wa Old Moshi picha ya Marealle na amwambie mtetee, kwa mdomo wake mwenyewe. Sio kumsafisha, kumtetea kama mtu anavyojitetea akiwa anajua anasutwa. Atalazimika kwenda kusoma kwamba Marangu ilikuwa nchi ndogo iliyobanwa na majirani wakubwa, kwamba Februari 1891 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliipiga Kibosho ya mangi Sina ambayo ndo ilikuwa tishio la mlima mzima, na kwamba mangi mdogo akiona mkubwa wa jana ameangushwa kwa siku chache ana mahesabu mapya ya kufanya. Naye mtoto wa Marangu apewe Meli. Watabishana, na waache wabishane, kwa Kiswahili, maana kubishana kwa hoja ndo kiwango cha juu cha lugha ambacho mitihani yetu inakipima kwa nadra.

Hapa nieleze kidogo habari ya lugha yenyewe, maana ndo inanigusa zaidi. Meli hakuwa anaongea Kiswahili cha BAKITA. Nyumbani kwake ni Kichaga cha Old Moshi. Kiswahili kilimfikia kama lugha ya misafara ya pwani, ya askari, ya mkalimani aliyesimama kati yake na Mjerumani. Sasa tunapomwandikia maneno ya Kiswahili tunachagua, na ni vizuri mtoto ajue anachagua. Je, haya ni maneno aliyoyasema Kichaga na sisi tunayasikia kwa Kiswahili, au ni Kiswahili alichokisema kwa shida mbele ya afisa? Ni sauti mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inataka Kiswahili kizito, chenye methali, cha mtu aliye kwao. Ya pili inataka sentensi fupi za mtu anayepima kila neno kwasababu lugha sio yake. Mwanafunzi akiweza kuziandika zote mbili kwa mtu mmoja, huyo nampa alama zote.

Na kwenye ile ya kwanza Kichaga kiruhusiwe kuingia. Najua shule nyingi bado zina adhabu kwa mtoto anayeongea kilugha, wengine wanavalishwa kibao shingoni, na hilo jambo linanikera kwa kweli. Huwezi kumwambia mtoto msemee babu yako alafu umfunge mdomo ambao babu aliongea nao. Mfongo ni mfongo, ni mfereji wa maji wenye ukoo na zamu na ugomvi wake, ukiandika "mfereji wa umwagiliaji" umepoteza nusu ya stori. Kihamba hivyohivyo, lile shamba la migomba la ukoo. Mtu anayekwenda kuomba radhi na jani la sale mkononi ameshaongea kabla hajafungua mdomo, na mtoto anayelijua hilo ataandika mandhari ya upatanisho ambayo mtoto wa mahali pengine hawezi. Kiswahili hakipungui kwa kuyapokea haya, kimekuwa kikipokea tangu zamani.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halimhusu hata Meli, linamhusu baba yake. Mandara mwaka 1885 aliweka alama yake kwenye mkataba wa Mjerumani Jühlke, mmoja wa ile mikataba ambayo Wajerumani walikuja kuitumia kudai nchi ni yao. Alafu mwaka 1889 mjerumani mmoja, Ehlers, akawachukua wajumbe wa Mandara akawapeleka mpaka Berlin kwa Kaiser. Fikiria mtu anatoka Old Moshi 1889, anateremka mpaka pwani, anavuka bahari, anafika Ulaya, anarudi, anakaa mbele ya Mandara ambaye ana jicho moja na hana subira, anaambiwa haya, tueleze ulichokiona.

Sharti la mwalimu: hamna kutumia maneno treni, meli, umeme, hoteli, kasri. Reli ilifika Moshi 1911 na Arusha 1929, huyu mjumbe akirudi nyumbani hana mtu wa kumwambia "si unajua lile gari". Anatakiwa amfanye Mandara aone. Nimeona watoto wakitoa jasho hapa kwa namna nzuri sana. Mmoja aliandika juu ya nyumba ndefu ya chuma inayokimbia na watu wameketi ndani wanakula. Mwingine akaandika kwamba kule jua lipo ila halina kazi. Huyo wa pili hakuwahi kupata zaidi ya nusu ya alama kwenye insha zake za kawaida, na sentensi ile ni ya mtu anayeijua lugha. Alafu kuna la ndani zaidi, mjumbe ameona bunduki na majeshi, je anamwambia Mandara ukweli wote au anapunguza? Akisema wale watu ni wengi na wana nguvu kutuzidi anaonekana mwoga au msaliti, asiposema ameiuza nchi. Kila mtoto anachagua mwenyewe na anaelekeza lugha yake huko alikochagua.

Sasa tuje kwa wasio na majina, maana tukikaa na mamangi tu tumewaacha watu wengi nje.

Wamisheni wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro 1893, na walipiga picha nyingi kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya picha hizo imeshaskaniwa na ziko kwenye kumbukumbu za picha za wamisheni zinazotunzwa na chuo cha University of Southern California kule Marekani, mtu mwenye simu na bando anazifikia. Ukizipitia utaona jambo moja haraka. Mzungu kwenye picha ana jina. Mchaga, hasa mwanamke, mara nyingi ameandikwa tu mwanamke Mchaga, au wanawake wakienda sokoni, au kijana wa shule. Hawa watu walikuwa na majina, na kuna uwezekano mkubwa kuna mtu Machame au Mamba au Old Moshi ni kitukuu wao na hajui.

Hao ndo ningeanza nao, hata kabla ya mangi yeyote, kwasababu mbili. Moja, mtoto hawezi kutoa hotuba kwa niaba ya mtu ambaye hakuwa na jukwaa. Pili, picha ya mtu asiye na jina inamlazimisha mtoto aangalie. Ya Meli haiangalii, anaikumbuka tu. Huyu mama inabidi amtazame mikono, shanga, miguu, kilichopo nyuma yake, kivuli kimeangukia wapi yaani ni saa ngapi ya siku. Na inabidi ajiulize aliyeshika kamera yuko wapi, maana kwenye kila picha kuna mtu wa pili asiyeonekana na huyo ndo aliyesema simama hapo.

Binti mmoja wa kidato cha pili alimwandikia mama wa namna hiyo na mpaka leo naifikiria ile kazi. Mama huyo wa kwenye picha ameshushwa mzigo wa majani ya ng'ombe njiani. Ameambiwa asimame wima, asicheke, na anamwambia mpiga picha kwa sauti ya chini ambayo yule haelewi kwamba ng'ombe hawajala, mtoto amemwacha na wifi, mbege, pombe ya ndizi, iko jikoni, na huyu mtu mzima anacheza na kisanduku. Anauliza hii sura yangu unaipeleka wapi, na utairudisha lini. Hakuna neno ukoloni kwenye kazi nzima, hamna mzalendo wala mkatili, na bado ukimaliza kusoma umeelewa uhusiano wa wale watu wawili kuliko kurasa nyingi za notsi.

Wapo wanaopinga zoezi hili kabisa na hoja yao sio nyepesi. Wanasema historia sio mchezo wa kubuni, mkimruhusu mtoto abuni maneno ya Meli kesho atayanukuu kama Meli aliyasema kweli. Hatari hiyo ipo na siku hizi ni kubwa kuliko zamani, maana kuna programu za akili mnemba ambazo unaipa picha ya marehemu inamfungua mdomo na kumfanya aongee, video inazunguka kwenye magrupu, na hakuna anayeuliza maneno yametoka wapi. Na hiyo akili mnemba ukiiomba ikuandikie sauti ya Meli itakupa bango lilelile, maana mabango ndo imesoma mengi.

Lakini tuna mfano wetu mzuri wa namna ya kubuni kwa uaminifu. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile, 1969, kizazi kizima kimeisoma shuleni. Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu kweli, Wajerumani walimnyonga Mohoro Agosti 1905 mwanzoni kabisa mwa vita vya Maji Maji. Na Hussein mwenyewe alieleza wazi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni mtu wa kubuni, sio yule wa historia. Alisema, alafu akaandika kwa uhuru wote, na hakuna aliyedanganywa. Nyerere naye 1963 alitoa tafsiri ya Julius Caesar ya Shakespeare, akawaongelesha Warumi Kiswahili, nchi ikiwa na uhuru wa miaka miwili tu, yaani rais mwenye kazi zote zile aliona ni muhimu watu wa zamani wa mbali waongee lugha yetu. Kwahiyo tusiogope kubuni. Mwanafunzi aandike juu kabisa ya karatasi, haya ni maneno yangu, na chini yake aandike mistari michache, nilichokuwa nakijua kwa hakika ni hiki, nilichokibuni ni hiki. Hiyo mistari ya chini mimi naihesabu kuwa sehemu ya zoezi, ina alama zake, maana ndo inamfundisha lugha ya kutofautisha "alisema" na "huenda alisema" na "ningekuwa yeye ningesema". Hilo somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo linafundishwa kwa Kiswahili, ni mahali pake kabisa, mwalimu wa Kiswahili na wa historia wakae meza moja.

Arusha nako kuna mali ya kutosha, nitaigusa kwa haraka. Boma la Wajerumani lipo pale mjini, lilijengwa 1900 kwa nguvu za Waarusha na Wameru waliolazimishwa, leo ni makumbusho, wanafunzi wanapelekwa wanapiga selfi wanarudi. Kibarua aliyebeba jiwe la ukuta ule angesema nini jioni akifika nyumbani? Angeongea Kimaasai cha Waarusha au Kimeru, na angekuwa anajua kwamba watu wa kwao wamenyongwa Moshi mwaka uleule. Makumbusho ya Azimio la Arusha nayo iko Kaloleni, ina picha za viongozi wa TANU, na mtoto anaweza kumchukua mjumbe mmoja wa nyuma aliyekaa kwenye kikao kile cha Januari 1967 akiwa na nyumba mbili za kupangisha, anasikia masharti ya uongozi yanayokataza kiongozi kupangisha nyumba yanasomwa.

Ila kwa Arusha mimi ningempa kila mtoto Kirilo Japhet. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, watu kama 3,000, nyumba zikachomwa. Mwaka uliofuata Kirilo akasafiri mpaka New York kwenye Umoja wa Mataifa kupeleka malalamiko, akiwa na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa anafanya kazi zake hapahapa Moshi. Picha zake zipo. Watoto watataka kuandika hotuba ya New York, mwalimu akatae. Waandike usiku wa kuamkia safari, wazee wa Meru wamechanga nauli, kila mmoja ana neno la kumpa abebe, na Kirilo anatakiwa aagane na kila mtu. Au waandike mama ambaye nyumba yake imeungua na anaambiwa kuna mtu anakwenda kutusemea mbali, naye anataka asemewe nini hasa, ng'ombe wangapi, mtoto gani aliumwa njiani.

Kuna mpaka mmoja nauweka kwa nguvu. Hawa watu wana familia hai. Inaaminika kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani baada ya kunyongwa, na mjukuu wake Isaria Meli alikitafuta kwa miaka mingi sana. Mwaka 2023 taasisi ya urithi wa utamaduni ya Prussia kule Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya DNA vimeonyesha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa kule yana ndugu walio hai huku kwetu, mojawapo la Akida, mshauri wa Meli, na mengine ya ukoo wa Molelia. Hizo ni familia zinazosubiri kuzika. Kwahiyo darasa linaloandika sauti ya mmoja wa wale 19 lisimfanye aongee akiwa kwenye kamba wala akiwa fuvu, hata kama mtoto ana kipaji kiasi gani. Wamwandikie akiwa hai, siku ya kawaida, anadaiwa, anacheka, anagombana na kaka yake.

Na kazi zikishaandikwa zisiishie kwenye dawati la mwalimu. Zisomwe kwa sauti mbele ya wazee wa pale kijijini, tarehe 2 Machi inafaa maana Old Moshi wanaikumbuka hata hivyo, na wazee waruhusiwe kukatiza. Wataambia watoto hapa umekosea mdogo wangu, mtu hawezi kumjibu hivyo baba mkubwa wake, hapa ungesema hivi, na mbege haitolewi kabla hamjasalimiana. Mtoto anachukua kalamu anakata sentensi yake anaandika nyingine palepale, na ile ya pili ndo mwalimu aisahihishe.